Yatima wa kwenye kompyuta na yatima wa mtaani kwetu



Ndugu msomaji, makala haya nilikusudia yawe ya kuwaonya vijana wetu juu ya magemu ya kompyuta. Hata kichwa chake nilikuwa nimeshakipata, kikali kweli kweli. Lakini haifai mtu kupanda mimbari akawasema watu kwa jambo ambalo yeye mwenyewe limemkaa shingoni. Kwa hiyo nitaanza na yangu.

Mwanzo wake ulikuwa swali. Mama mmoja anayehudhuria darsa letu la Jumapili alinisubiri nje ya msikiti baada ya Alasiri. Mwanawe wa kidato cha nne, akasema, siku hizi halali. "Ustaadh, anapigana na majoka mpaka adhana ya Alfajiri. Nikimuuliza ananiambia ni mchezo tu. Hebu niambie, ni haramu au si haramu?" Masheikh walionisomesha walitufundisha kwamba hukumu ya kitu huja baada ya kukijua kitu chenyewe. Nikamwambia, "Mama, nipe wiki moja nikalitazame." Mpwa wangu anayesoma chuo akaniwekea gemu hilo kwenye kompyuta ninayofanyia mahesabu ya msikiti. "Mjomba, angalia lisikuchukue," akasema huku anacheka. Nikamwona mtoto.

Wiki moja ikawa miezi minne.

Gemu lenyewe linaitwa Skyrim. Ni la tano katika mfululizo wa The Elder Scrolls ulioanza mwaka 1994, limetengenezwa na kampuni ya Kimarekani ya Bethesda, na lilitoka tarehe 11 Novemba 2011. Tangu hapo limetolewa upya mara kadhaa kwa ajili ya mashine mpya, na mwaka 2023 kiongozi wa watengenezaji wake alisema zimeshauzwa nakala zaidi ya milioni 60. Nayataja haya ili wazee wenzangu wasidhani tunazungumzia kitu cha watoto wachache wa mjini.

Unaanza ukiwa mfungwa. Mikono imefungwa kamba, uko juu ya mkokoteni wa farasi, unapelekwa kukatwa kichwa. Shingo imeshalazwa kwenye gogo ndipo joka linashuka na kuuchoma mji, nawe unakimbia. Ukishatoka hapo umeachiwa nchi nzima: milima ya theluji, mito, misitu, miji na mapango. Mlima unaouona kwa mbali unaweza kuuendea kwa miguu yako. Hakuna anayekulazimisha uanze na lipi. Ukitaka kuwa mhunzi utafua vyuma, ukitaka kuwinda utawinda, ukitaka kusoma vimo vitabu kwa mamia. Kipo kisa kikubwa cha joka linalotaka kuila dunia, lakini unaweza kukiacha kando ukaenda kuchuma maua mwaka mzima. Joka litakusubiri.

Siku moja ya nchi ile, tangu alfajiri mpaka alfajiri nyingine, huchukua dakika 72 za saa yetu. Hesabu hiyo iwekeni akilini. Hapa kwetu pwani inakaribia sana muda ulio baina ya Magharibi na Isha, na nyumbani kwangu muda huo, tangu watoto wangu walipojua alif na be, ulikuwa wa kuwasikiliza Qur'an.

Nilitarajia kukuta humo uchawi na ushirikina, na sikukosea. Nchi ile ina miungu yake na mahekalu yake, na mchezaji akigusa madhabahu huponywa maradhi. Hili silipambi wala silifunikii: kijana wa Kiislamu asijizoeshe kuomba shifa kwa sanamu, hata kwa kidole kwenye kitufe. Mimi nilijiwekea sharti kwamba nikiugua nitanunua dawa kwa muuza dawa, na sharti hilo nililitimiza mpaka mwisho. Nikawa najisifu moyoni kuwa hata katikati ya makafiri wale wa kuchora nimeilinda tauhidi yangu. Shetani ni fundi, ndugu zangu. Alinishika mkono akanipitisha salama mbele ya kila hekalu, huku Isha ya jamaa inanipita nikiwa nyumbani kwangu.

Wala sisemi kuwa kubuni vitu ambavyo havipo ni haramu. Bibi Aisha (r.a.) katika udogo wake alikuwa na vitu vyake vya kuchezea, na miongoni mwavyo farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Mtume (s.a.w.) alipomuuliza farasi gani huyo mwenye mbawa, alimjibu kuwa Nabii Sulaiman (a.s.) alikuwa na farasi wa namna hiyo, na Mtume akacheka mpaka magego yake yakaonekana. Kisa hiki kimo katika Abu Dawud. Na Hanzala (r.a.) aliposikitika kuwa moyo wake akiwa na mke na watoto hauwi kama unavyokuwa mbele ya Mtume, alifundishwa kuwa mambo yana saa na saa, kama ilivyo katika Muslim. Dini yetu haikuja kuwaziba watu pumzi. Mimi farasi mwenye mbawa hakuwa tatizo langu.

Kilichonikamata mimi kilikuwa kheri.

Katika mji wa gemu hilo unaoitwa Whiterun kuna binti mdogo, jina lake Lucia, anayeomba chini ya mti mkubwa. Ukimsemesha anakueleza kuwa mama yake amefariki, jamaa zake wakachukua shamba, kisha wakamfukuza. Nikaikumbuka aya ya Suratun Nisaa (4:10) inayowatisha wanaokula mali za mayatima kwamba wanachojaza matumboni mwao ni moto. Nikampa sarafu moja. Gemu likanilipa pale pale: likaniandikia juu ya kioo kuwa nimepata baraka ya sadaka, na kwa muda maneno yangu yakawa na uzito zaidi mbele ya wafanyabiashara. Kaskazini, katika mji wa Windhelm ambako theluji haikatiki, nikamkuta mwingine, Sophie, anauza maua kwenye baridi. Katika sehemu ya nyongeza iliyotolewa mwaka 2012 mchezaji anaweza kuwachukua watoto kama hawa akawalea, wasizidi wawili, mradi awe na nyumba yenye chumba chao. Nikanunua nyumba Whiterun kwa sarafu 5,000 za dhahabu. Chumba cha watoto ni sarafu 250, na ili kipatikane lazima uondoe sehemu yako ya kuchanganyia dawa. Nikaiondoa. Nikawachukua wote wawili. Kila nikirudi safari walinikimbilia wakiuliza nimewaletea nini, nami sikurudi hata siku moja mikono mitupu.

Sijui kama naeleweka. Nilikuwa nikikaa pale mbele ya kioo machozi yananilenga. Nilikuwa naihisi ile raha anayoihisi mtu aliyetoka kumlisha mwenye njaa, na raha ile ni ya kweli, Allah (s.w.) ameitia kifuani mwa mwanadamu kama alivyoitia njaa tumboni, ili imsukume atoke nje akatafute. Mimi njaa hiyo nikawa naishibisha kila usiku kwa chakula cha kuchora. Asubuhi nikiamka nimeshiba. Akinipigia hodi mwenye shida nilikuwa namtazama kama mtu aliyekwisha kula anavyolitazama sinia.

Sasa niseme la aibu. Shaaban iliyopita kamati ya msikiti wetu ilinikabidhi, kama kila mwaka, orodha ya kaya za yatima. Kaya 11. Kazi yangu ni kuzipitia moja moja kabla ya Ramadhani, nione nani amehama, nani anaumwa, nani anadaiwa kodi, mtoto gani hana sare, ili mfuko wa yatima ujue wapi pa kuanzia. Ni kazi ya jioni tatu au nne, kwa miguu. Nilizitembelea kaya nne. Zile saba nilizinakili kutoka orodha ya mwaka uliotangulia, nikaziwekea alama ya vema, nikatia saini. Hakuna aliyenilazimisha wala sikuwa mgonjwa. Ilikuwa ni khiyana ya amana, kwa kalamu yangu mwenyewe.

Siku vijana walipopeleka unga, mchele, sukari na tende, mmoja wao alirudi na furushi zima. Wenyewe hawakuwepo. Ni mjane mwenye watoto watatu. Alikuwa akidaiwa kodi ya miezi miwili, shilingi 80,000. Mwenye nyumba alivumilia, kisha akachoka, na wiki mbili kabla ya mwezi kuandama yule mama akafunga vyombo vyake wakaenda kwa shemeji yake Lindi. Mkubwa wa wale watoto alikuwa darasa la saba. Mpangaji wa chumba cha pili alimwambia kijana wetu kuwa kabla ya kuondoka yule mama alimuuliza mara mbili kama mtu wa msikiti amepita.

Mfuko wa yatima wiki hiyo ulikuwa na zaidi ya shilingi laki tatu. Kutoka kwangu mpaka chumba kile ni mwendo wa robo saa.

Mtu atadhani usiku huo nilikesha nikilia. Sivyo. Aibu ilikuwa kubwa, na mwenye aibu hutafuta mahali ambako hajulikani kwa ubaya. Baada ya Magharibi nikafungua kompyuta, nikarudi Whiterun, kule ambako mimi ni baba mwema. Binti yangu wa miaka saba akaja na juzuu yake. "Baba, nimeshaihifadhi." Nikamwambia, "Ngoja kidogo." Akasimama pembeni, akawa anatazama kioo.

"Baba, huyo nani?"

"Yatima. Nimemchukua kumlea."

"Yuko wapi?"

Nikakosa la kumjibu. Alipoona nimenyamaza alidhani ndiyo ruhusa, akaanza kusoma. Sura aliyokuwa ameihifadhi ilikuwa Suratul Maa'uun.

Sura hii nimeifundisha miaka mingi, ndugu msomaji. Ina aya saba tu. Inauliza kama umemwona anayekadhibisha malipo, na alama yake ya kwanza inayotajwa ni kumsukuma yatima. Inafuata ile ya kutohimiza kulishwa maskini. Kisha, bila ya kutoa nafasi ya kupumua, inageuka na kuwatisha wanaoswali ilhali wameghafilika na swala zao, wanaojionyesha, na wanaozuia msaada mdogo wa kawaida. Wanafunzi wamekuwa wakiniuliza siku zote kwa nini yatima na swala vimewekwa kwenye sura moja fupi namna hii, nami nimekuwa nikiwapa jibu la vitabuni. Usiku ule nilikuwa nimekosa Isha za jamaa nisizozihesabu, na yatima nilikuwa nimemsukuma mpaka Lindi. Sikumsukuma kwa mkono. Nilimsukuma kwa alama ya vema.

Kabla ya kulifuta gemu lile nilifungua ukurasa wake wa hesabu. Ukurasa huo upo, na mchezaji yeyote anaujua: humo gemu linaandika umepitisha siku ngapi, umelala saa ngapi, umesoma vitabu vingapi, umeiba vitu vingapi, umeua watu wangapi. Sungura wana mstari wao peke yao. Nikakaa kitako. Suratul Kahf (18:49) inatueleza siku ambayo kitabu kitawekwa mbele, waovu wataogopa yaliyomo, watastaajabu ni kitabu gani hiki kisichoacha dogo wala kubwa ila kimelidhibiti. Ikiwa mafundi wa Marekani wameweza kunihesabia sungura wa kuchora, je, wale waandishi wawili watukufu wa mabegani? Duka la mtandaoni linaloitwa Steam, ambako mpwa wangu alilinunua gemu, nalo lina hesabu yake: saa 211. Msomaji wa kasi ya kawaida humaliza juzuu moja kwa kama dakika 40, yaani msahafu mzima kwa saa 20. Fanyeni wenyewe hesabu ya khatma. Na zile kaya saba nadhani zilihitaji saa sita.

Wale wa kwenye kompyuta husubiri. Ukimwacha Lucia chini ya mti wake mwaka mzima, ukirudi utamkuta pale pale na nguo ile ile. Ukikosea jambo, unarudi ulipouhifadhi mchezo, unaanza upya kana kwamba hakuna lililotokea. Mtu akilizoea hilo kila usiku kwa miezi minne, linamwingia mwilini. Anaanza kudhani na mjane wa mtaa wa pili atakuwa pale pale akimaliza anachokifanya. Katika Suratul Mu'minuun (23:99-100) tunaambiwa kuwa anayefikiwa na mauti ataomba arejeshwe ili atende mema aliyoyaacha, na atakataliwa, na mbele yao kuna barzakh mpaka siku watakayofufuliwa. Aya hizi nimezisoma tangu utotoni nikidhani zinazungumzia mlango mmoja mkubwa. Chumba kile nilipokiendea, siku ya pili ya Ramadhani, kilikuwa kimeshapangishwa kwa kijana anayetengeneza simu.

Mpwa wangu nilimsimulia yote, naye alijaribu kunifariji kwa elimu. "Lakini mjomba, nia je? Si imekuja katika Bukhari na Muslim kwamba anayekusudia jema asilitende huandikiwa jema kamili?" Hadithi ni sahihi na nilifurahi kuwa anaijua. Nikamwambia kwamba aliyekusudiwa katika hadithi ile ni mtu aliyetaka kumfanyia wema kiumbe wa Allah, kikamzuia kizuizi. Mimi sikuzuiwa na kitu, na huyo niliyemkusudia hana tumbo. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza swali ambalo sikulipenda: "Na wazee wanaolipa kiingilio vibandani kuangalia mpira wa Uingereza, wakalia timu yao ikifungwa?" Hapo alisema kweli. Wazee wenzangu, mnaosoma haya huku mkitikisa vichwa juu ya vijana, hesabu ya saa 211 haihitaji joka.

Mtume (s.a.w.) amesema, kama alivyopokea Sahl bin Saad (r.a.) katika Bukhari, kwamba yeye na mlezi wa yatima watakuwa karibu Peponi kama kidole cha shahada na cha kati, akavionyesha. Nimekuwa nikikitazama kidole changu cha shahada. Ndicho nilichobonyezea kipanya.

Yule mama wa darsa alirudi baada ya Idd kudai jibu lake, kwa haki, maana wiki yangu moja ilikuwa imezidi miezi. Sikumpa fatwa. Nilimwomba anipe mwanawe jioni mbili kwa wiki. Kijana akaja shingo upande, akidhani anakuja kuhubiriwa. Nilimpa orodha ya kaya 11 na kalamu, nikamwambia hakuna alama ya vema mpaka mlango ufunguliwe na mtu tumemwona. Tukiwa njiani alinipima kwa maswali kuhusu Skyrim, akacheka sana aliposikia nilinunua nyumba ya Whiterun kabla hata sijajua kufua chuma. Gemu bado analo. Mama yake ananiambia sasa hulala saa nne na nusu siku za shule, ila Ijumaa usiku hawezani naye. Tuliporudi zile kaya saba tulikuta moja bibi amevunjika nyonga na nyingine mtoto ana miezi mitatu hajakanyaga madrasa kwa kukosa kanzu. Hayo nayo hayakuwa kwenye orodha niliyoisaini.

Kamati nimeieleza kila kitu, na mfuko sasa una mtu wa pili anayepita nyuma yangu kuhakiki. Nilistahiki hilo.

Namba ya yule shemeji wa Lindi imetuchukua mpaka wiki iliyopita kuipata. Mjane alipokea mwenyewe. Hakunilaumu, na ingekuwa afadhali angenilaumu. Yule mtoto wa darasa la saba hajaingia shule tangu wahame, kwa sababu waliondoka bila barua ya uhamisho. Mwalimu mkuu wa shule yake ya huku ameitoa Jumanne. Iko mfukoni mwangu pamoja na kodi ya miezi miwili, ambayo nimeitoa kwangu na si kwenye mfuko. Kijana wa kidato cha nne ameomba twende wote. Basi linaondoka Jumamosi kabla ya jua kuchomoza, tutaswali Alfajiri kituoni, inshaallah.